Mizani ya Bafuni

Novemba, Azpeitia. Mvua isiyo na haraka
imekaa juu ya Izarraitz kama mgeni aliyekwisha fungua mizigo.
Baiskeli imetundikwa ukutani, mnyororo umepakwa mafuta,
nami nashuka ngazi hadi chini ya duka la mikate,
ambako Itsaso ana chumba, kioo kimoja chenye ufa,
na vyuma.

"Chuchumaa." Nachuchumaa.
Kilo themanini mabegani, mara nne, pumziko refu, tena.
Miguu iliyozoea kuzunguka mara tisini kwa dakika
haijui kusimama.
Inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa alfajiri.

Uxue alinicheka mezani.
Yeye ana kilo arobaini na saba, kila gramu anaijua kwa jina;
hukata mpini wa mswaki kabla ya safari.
"Urraki hauulizi ulibeba nini Januari," akasema.
"Huuliza umekuja na nini leo.
Nyama mpya pajani ni jiwe mfukoni.
Atakaye nguvu za mlima, na apande mlima."
Nikanyamaza. Hoja ilikuwa na meno.
Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi:
mtaimbo ule haujamkalia yeye mgongoni,
wala mimi sijawahi kupanda kama yeye.

Shangazi Maialen huinua mawe uwanjani siku za sikukuu.
Hulikumbatia jiwe kama amemkamata mtoto mtoro,
hulipandisha begani, hulitua, hunywa maji.
Hakuna anayemuuliza limemfikisha wapi.
Mimi nitaulizwa.
Mimi hulipwa kufika.

Februari: nusu kilo zaidi.
Mizani ya shairi huhesabu silabi,
ya bafuni huhesabu hofu.
Nililala bila kula.
Itsaso akajua kabla sijavua koti.
"Mwenye njaa hachumi chuma," akasema,
akaninyang'anya mtaimbo, akanikaangia mayai manne
kwenye jiko la gesi, katikati ya vyuma.

Aprili, kilomita mia moja thelathini na moja.
Niseme kweli: juu ya Urraki, Uxue alituacha
kama karatasi iliyookotwa na upepo.
Mimi nilifika kileleni wa ishirini na tatu.
Mwaka jana nilikuwa wa ishirini na mbili.
Andika hivyo, usinipambe.

Bali baadaye, bondeni, saa ya nne,
miguu ya watu ikiwa imegeuka kamba mbichi,
tulimkuta Uxue barabarani peke yake,
upepo umemfunga, mdomo wazi,
zimebaki kilomita tatu.
Sauti ya kocha sikioni: "Garazi. Sasa."
Nikasimama juu ya pedali
na chini kabisa, mahali nisipopajua, mlango ukafunguka:
akiba. Kitu kilichowekwa Novemba na kusahauliwa.
Nikampa mgongo wangu, akajibanza nyuma yake,
nikavuta hadi macho yakaona maziwa.

Alimaliza wa tano. Mimi sijui wa ngapi.

Garini, taulo shingoni, akauliza: "Ni vyuma?"
Nikasema sijui.
Labda vyuma. Labda mayai. Labda upepo ulikugeuka
mimi nikiwa nimelala mgongoni mwa wengine mchana kutwa.
Nina mwili mmoja tu, Uxue;
sikuwa na Garazi mwingine, asiyeinua kitu,
wa kumpeleka kwenye mbio zile zile
tukalinganishe.

Hakujibu. Alikuwa anaukuna mpini wa mswaki wake mfupi
kwa kidole gumba.

Novemba hii alishuka ngazi. "Kutazama tu," akasema.
Itsaso akampa mtaimbo mtupu, bila hata sahani moja.
"Mzito," akasema Uxue,
akauangalia kwa hasira,
akachuchumaa.